Kuhama kutoka dawa ya kibayolojia ya awali kwenda dawa fanani: maswali ya wagonjwa wa baridi yabisi wa Unguja na Pemba

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa wa baridi yabisi ya rumatoidi aliyezoea sindano ya aina moja, kisha siku moja akaambiwa kwenye dirisha la dawa kwamba kuanzia mwezi huu atapewa nyingine yenye jina tofauti. Yameandikwa pia kwa ajili ya jamaa zake, kwa kuwa hapa kwetu mara nyingi mwana au mkaza mwana ndiye anayebeba kisanduku cha barafu, anayekumbuka tarehe na anayeuliza yale ambayo mgonjwa anaona haya kuyauliza. Mimi ni mfamasia, na maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa kila wiki.

Je, kila baridi yabisi inatibiwa kwa dawa hizi?

Hapana. Kwetu neno baridi yabisi limebeba maumivu mengi: goti lililochakaa kwa umri, mgongo wa mvuvi, vidole vya mkulima wa mwani anayeshinda majini. Rumatoidi ni ugonjwa mahususi, ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Aghalabu huanza kwenye vidole na vifundo vya mikono, pande zote mbili kwa pamoja, na alama yake kubwa ni ukakamavu wa asubuhi unaozidi nusu saa. Bibi aliyezoea kusuka ukili huamka alfajiri akashindwa kukunja vidole kushika kopo la kutawadhia, na mpaka jua lipande ndipo mikono inapomlegea. Ugonjwa ukiachwa hula gegedu na mfupa, na kiungo kilichopinda hakirudi.

Dawa za kibayolojia ni zipi?

Matibabu ya rumatoidi huanza kwa vidonge vya kawaida, hasa methotrexate inayomezwa mara moja tu kwa wiki pamoja na asidi ya foliki siku nyingine, na wagonjwa wengi hutulia kwa hiyo, peke yake au ikichanganywa na sulfasalazine na hydroxychloroquine. Wasiotulia ndio wanaofikiriwa kupewa dawa za kibayolojia, ambazo ni protini zilizotengenezwa ndani ya seli hai na zinazozuia hatua mahususi katika mnyororo wa uvimbe. Etanercept, adalimumab na infliximab huzuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe. Rituximab hupunguza chembe za kinga za aina ya B. Infliximab na rituximab hutiwa kwa dripu, etanercept na adalimumab hudungwa chini ya ngozi. Majina ya kibiashara ya dawa za awali ambayo pengine umewahi kuyaona kwenye boksi ni Remicade (infliximab), Enbrel (etanercept), Humira (adalimumab) na MabThera (rituximab).

Dawa fanani ni nini? Je, ndiyo jeneriki?

Kwanza niliweke sawa neno moja lililowahi kuleta mkanganyiko dirishani. Tunaposema dawa ya awali tunakusudia ile iliyotangulia kuvumbuliwa na kusajiliwa na kampuni ya kwanza. Hatukusudii dawa za asili, yaani mizizi na majani. Dawa fanani, ambayo wengine huiita bayosimila, ni dawa ya kibayolojia iliyotengenezwa na kampuni nyingine baada ya hataza ya ile ya awali, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza, kumalizika, kwa kufuata protini ile ile.

Jeneriki ni jambo jingine. Paracetamol ni molekuli ndogo inayoundwa kwa kemikali, na kiwanda chochote kikifuata kanuni kitatoa molekuli ile ile bila tofauti. Protini kubwa kama adalimumab huzalishwa na seli hai, na seli hai haitoi nakala mbili zinazolingana kila nukta. Mpishi wa mkate wa kumimina analijua hili: unga ule ule wa mchele, tui lile lile, hamira ile ile, lakini mkate wa leo na wa jana hautoki na vitundu sawasawa, na yote miwili ni mkate wa kumimina wa mpishi yule yule. Ndivyo ilivyo hata kwa dawa ya awali yenyewe. Utengenezaji wa Remicade umebadilishwa zaidi ya mara 30 tangu iliposajiliwa, na kila badiliko lilipimwa kuhakikisha kwamba dawa bado inafanya kazi ile ile. Mgonjwa anayesema kwamba ametumia dawa ile ile kwa miaka 10 kwa kweli ametumia dawa zinazofanana sana kwa miaka 10, na hakudhurika kwa hilo.

Nani amehakikisha kwamba zinafanana?

Umoja wa Ulaya, kupitia mamlaka yake ya dawa, ulitoa mwongozo wa kwanza wa dawa fanani mwaka 2005 na kuidhinisha ya kwanza, homoni ya ukuaji, mwaka 2006. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2009 na kuupitia upya mwaka 2022. Dawa fanani ya kwanza ya kuzuia TNF, infliximab inayouzwa kwa majina ya Remsima na Inflectra, iliidhinishwa Ulaya Septemba 2013. Kabla ya hapo ilikuwa imelinganishwa na Remicade kwa wagonjwa 606 wa rumatoidi waliokuwa pia wakitumia methotrexate, na kufikia wiki ya 30 waliopata nafuu iliyotarajiwa walikuwa takriban asilimia 61 upande wa dawa fanani na asilimia 59 upande wa dawa ya awali.

Hapa Zanzibar anayesimamia usajili na usalama wa dawa ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Tanzania Bara kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa yoyote unayopewa una haki ya kuuliza kama imesajiliwa.

Hao wagonjwa 606 walikuwa wanaanza dawa. Je, sisi tuliokwisha tulia na ya awali tukihamishwa?

Hili ndilo swali lenye uzito, na wanaoliuliza wana haki ya kujibiwa kwa takwimu badala ya kupigwapigwa bega. Norway ilifanya utafiti uliogharimiwa na serikali yake, uitwao NOR-SWITCH, uliochapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 482 waliokuwa wametulia na Remicade waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakaendelea nayo, nusu wakahamishwa kwenye dawa fanani, na wala wao wala madaktari wao hawakujua nani yuko kundi gani. Baada ya wiki 52, ugonjwa ulikuwa umezidi kwa asilimia 26 ya waliobaki na asilimia 30 ya waliohamishwa, tofauti iliyoangukia ndani ya mpaka wa tofauti inayokubalika, asilimia 15, uliokuwa umewekwa tangu mwanzo. Tazama namba hiyo ya kwanza kwa makini. Zaidi ya robo ya watu ambao hawakuhamishwa kokote walizidiwa ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu rumatoidi na magonjwa ya jamii yake hupanda na kushuka yenyewe. Atakayezidiwa baada ya kuhama ataielekezea kidole dawa mpya, na pengine angezidiwa hata kama asingehama. Haki inanitaka niongeze kwamba utafiti huo ulichanganya magonjwa sita, kwa hiyo haukuwa na wagonjwa wa kutosha wa rumatoidi kutoa hukumu juu ya ugonjwa huo peke yake.

Denmark ilikwenda mbali zaidi, ikahamisha wagonjwa wa viungo wa nchi nzima waliokuwa kwenye Remicade mwaka 2015. Kati ya 802 waliofuatiliwa, ukali wa ugonjwa miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada ya kuhama ulikuwa ule ule. Hata hivyo, waliobaki kwenye dawa fanani baada ya mwaka walikuwa wachache kidogo kuliko kundi la wagonjwa wa miaka ya nyuma waliokuwa kwenye Remicade, takriban asilimia 83 dhidi ya 87. Sababu ya pengo hilo dogo nitaieleza chini, maana ndiyo inayonishughulisha kuliko zote. Mnamo Septemba 2022 mamlaka za dawa za Ulaya zilitamka kwa pamoja kwamba dawa fanani zilizoidhinishwa huko zinaweza kutumika badala ya ya awali, na moja badala ya nyingine.

Kwa nini nihamishwe wakati dawa yangu inanifaa?

Kwa sababu ya fedha, na si vyema kulifunika jambo hilo kwa maneno laini. Nchini Norway bei ya zabuni ya infliximab fanani ilikuwa mwaka 2015 pungufu kwa takriban asilimia 70 kuliko bei ya dawa ya awali. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumab katika orodha yake ya dawa muhimu, likikubali pia dawa fanani zenye ubora uliothibitishwa, kwa kutambua kwamba bila hizo nchi nyingi zisingeweza kuzigusa kabisa dawa hizi.

Hapa Visiwani wagonjwa wengi wa rumatoidi hawajawahi kudungwa sindano hata moja ya dawa ya kibayolojia, na miongoni mwa waliodungwa wapo wanaoruka mwezi kwa kukosa nauli ya boti au fedha za dawa. Sindano ya bei kubwa inayopatikana mwezi huu na kukosekana miezi miwili ijayo ni matibabu mabaya kuliko dawa fanani inayopatikana kila tarehe, kwa sababu mapengo huuamsha ugonjwa na pia huipa kinga ya mwili nafasi ya kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazoishambulia dawa. Nikilazimika kuchagua, nachagua dawa isiyokatika.

Dozi na tarehe zinabadilika?

Hazibadiliki. Adalimumab hubaki miligramu 40 kila wiki mbili, etanercept miligramu 50 kila wiki, na infliximab kila wiki nane kwa dozi yako ile ile. Huanzi upya zile dozi za mwanzo, na methotrexate unaendelea nayo kama kawaida.

Kabla ya siku ya kuhama kifanyike nini?

Daktari akukague viungo 28 vinavyohesabiwa katika kipimo cha DAS28, aandike vingapi vimevimba na vingapi vinauma, na kipimo cha damu cha uvimbe kichukuliwe. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wako. Bila ya hiyo, miezi mitatu baadaye itakuwa neno lako dhidi ya kumbukumbu ya daktari. Kama hukuwahi kupimwa kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini ya aina B ulipoanza dawa ya awali, usikubali jambo hilo lipite tena, maana dawa zinazozuia TNF zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala, na rituximab inaweza kuiamsha homa ya ini. Mjamzito, anayesubiri upasuaji, au ambaye ugonjwa umempandia wakati huo, azungumze na daktari kwanza kuhusu wakati unaofaa.

Dawa yangu ya awali imeanza kushindwa. Je, fanani yake itanisaidia?

Haitasaidia, na kuhamishwa kwa tegemeo hilo ni kupoteza miezi. Mara nyingi dawa hushindwa kwa kuwa mwili umetengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya Remicade huitambua infliximab fanani vile vile, kwa sababu protini ni ile ile. Mgonjwa wa namna hii anahitaji dawa nyingine kabisa, kwa mfano kutoka infliximab kwenda etanercept, au kwenda kundi lingine kama rituximab.

Tangu nihame najisikia vibaya. Je, ni mawazo tu?

Naomba wenzangu wa afya wasilitumie kamwe neno hilo, “mawazo tu”. Maumivu anayoyasikia mgonjwa ni maumivu. Lakini kuna jambo linalojulikana vizuri katika tiba, nalo ni kwamba anayetarajia kudhurika na dawa huweza kusikia madhara ya kweli hata kama dawa haina kosa: kichwa kumuuma, mwili kuchoka, viungo kuwaka, bila uvimbe kuongezeka wala kipimo cha damu kupanda. Watafiti wengi wanaamini kwamba sehemu kubwa ya wale wachache wanaoiacha dawa fanani baada ya kuhama huiacha kwa sababu hii.

Nilimwona mama mmoja aliyepewa boksi jipya bila kuelezwa neno. Alifika nyumbani, akaona rangi ya boksi siyo, jina siyo, kalamu ya sindano ina kitufe pale ambapo ya zamani haikuwa nacho. Jirani akamwambia kwamba hizo ni dawa bandia. Akazifungia kwenye friji, hakudunga, akarudi kliniki baada ya wiki tisa vidole vimemvimba kiasi kwamba pete ilibidi ikatwe. Sindano zote nne zilikuwa bado zimo ndani ya boksi, hata kifuniko hakijaguswa. Ukiitazama karatasi yake utadhani ni mgonjwa aliyeshindwa na dawa fanani, na ukweli ni kwamba dawa haikuwahi kuingia mwilini mwake. Kosa lilikuwa letu tuliokuwa dirishani. Dakika tano za kumketisha na kumweleza zingemwokoa.

Kwa hiyo ukijisikia vibaya usiache kudunga kimya kimya. Njoo, viungo vihesabiwe upya, damu ipimwe, na matokeo yawekwe kando ya yale ya kabla ya kuhama. Uvimbe ukiwa umezidi kweli, matibabu yatabadilishwa. Usipokuwa umezidi, hukumu ya busara mara nyingi ni kusubiri dozi mbili tatu zaidi huku ukifuatiliwa kwa karibu, na kama bado hupati raha kabisa, kurudishwa kwenye ya awali, inapopatikana, hakuna madhara.

Sindano mpya inaniuma kuliko ya zamani. Kwa nini, kama dawa ni ile ile?

Protini ni ile ile, lakini maji inayoyeyushwa ndani yake na kifaa vinaweza kutofautiana. Baadhi ya matoleo ya adalimumab yana sitrati, chumvi inayochoma chini ya ngozi, na mengine hayana. Mengine yanatia miligramu 40 ndani ya mililita 0.8, mengine ndani ya mililita 0.4. Itoe sindano kwenye jokofu nusu saa kabla, ipate joto la chumba yenyewe mezani bila kuitia kwenye maji moto wala juani, na ubadilishe mahali pa kudunga kila mara. Mwenye mzio wa mpira asome kwanza kama kifuniko cha sindano kina lateksi.

Umeme ukikatika, au nikisafiri na boti, dawa inahifadhiwaje?

Dawa hizi kwa kawaida huwekwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na kamwe zisigande. Iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na kuonekana safi, kwa hiyo usiiweke karibu na sehemu ya kugandishia. Weka rafu ya katikati, siyo mlangoni, maana mlango wa friji la nyumba yenye watoto hufunguliwa mara arubaini kwa siku.

Vikaratasi vya dawa nyingi hutoa ruhusa ya muda nje ya jokofu. Kwa Humira, kwa mfano, ni hadi siku 14, mradi joto lisizidi nyuzi 25 na mwanga usiifikie. Msomaji wa Ulaya husoma hivyo akatulia. Sisi tunaoishi kwenye nyumba ambayo mchana wa Februari hupita nyuzi 30 tusiichukulie ruhusa hiyo kuwa yetu. Tena dawa fanani inaweza kuwa na masharti tofauti na ya awali, kwa hiyo soma kikaratasi cha boksi ulilonalo mkononi, usitegemee ulichozoea.

Wenye umri wanaikumbuka Unguja ilivyokaa gizani kwa takriban miezi mitatu, kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Kwa katizo la saa chache, usifungue jokofu. Kwa katizo refu, uliza mapema kituo cha afya kilicho karibu chenye jenereta kama kitakubali kukuhifadhia. Anayevuka kwenda Mkoani au Wete aweke dawa katikati ya kisanduku, vipakiti vya barafu pembeni, na baina yao akunje kitambaa kizito, hata kanga iliyokunjwa mara nne, ili boksi lisigusane na barafu. Kisanduku kikae miguuni mwako, kivulini, kisiende kwenye rundo la mizigo juu ya sitaha.

Je, sindano inabatilisha saumu?

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha 1997, liliamua kwamba sindano za tiba za ngozi, misuli au mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha. Kwa dripu, na kwa anayetaka utulivu wa moyo, muulize sheikh wako, na ukipenda dunga baada ya futari. Jambo moja tu nakuomba: usiahirishe dozi hadi Idi.

Ndugu yangu amerudi India na dawa ya bei nafuu. Niitumie?

India ina dawa fanani nyingi, na baadhi zilitangulia. Adalimumab fanani ya kwanza duniani ilianza kuuzwa huko Disemba 2014. Ubora wake hauwezi kuhukumiwa kwa nchi inakotoka. Swali ni kama boksi hilo mahususi limesajiliwa, na kama lilikaa kwenye baridi njia nzima kutoka Mumbai hadi kwako. Sindano iliyosafiri ndani ya begi la nguo usiidunge.

Nikihamishwa mara ya pili, kwenye fanani nyingine?

Ushahidi uliopo unatuliza, lakini mimi binafsi sipendi mgonjwa ahamishwe kila zabuni inapobadilika bila sababu nyingine. Ikitokea, kilicho muhimu ni kumbukumbu. Kwenye kadi yako ya kliniki iandikwe kila mara jina la kibiashara, tarehe, na namba ya bechi iliyopo ubavuni mwa boksi. Kuandika “adalimumab” peke yake hakutoshi, kwani tatizo likitokea hatutajua tuitafute dawa ya nani. Picha ya boksi kwenye simu inafaa pia.

Ni dalili gani zisizosubiri tarehe ya kliniki?

Homa isiyoshuka, kikohozi kilichopita wiki mbili, kutoka jasho usiku na kukonda, macho kuwa manjano, kidonda kinachosambaa, uso kuvimba au pumzi kubana baada ya sindano. Hizi ni sawa kwa dawa ya awali na kwa dawa fanani. Nenda hospitali iliyo karibu, iwe Mnazi Mmoja, Chake Chake au Abdalla Mzee, na ukifika mwambie daktari wa zamu kabla hajakuuliza kwamba unatumia dawa inayopunguza kinga, kisha umwoneshe kadi yenye jina na namba ya bechi.